Kinanda kinachojipigia

Wasee, wiki jana hapa Buru Phase 4 buda mmoja jirani alinikuta na kinanda changu akacheka: "Si hiyo inajipigia yenyewe? Wewe kazi yako ni gani?" Iliniuma, juu ni nusu ukweli. Mkono wa kushoto unashika kodi (si ya KRA), mashine inaweka ngoma na besi.

Lakini cheki historia. 1981 Casio walitoa kinanda kidogo, MT-40. Mdundo wake wa roki ulitungwa na dada Mjapani, Hiroko Okuda. 1985, Jamaica, Wayne Smith na Noel Davey wakauokota humo ndani, King Jammy akaupunguza kasi, ikatoka "Under Mi Sleng Teng". Kitufe kimoja! Baada ya hapo dancehall haikungoja tena bendi, na ndiyo hiyo ilitikisa mathree za Eastlands. Hata genge ya Clemo pale Calif Records haikungoja bendi.

Jioni nilizima ngoma za kiwandani, nikaacha besi pekee, nikagonga zangu kwa vidole. Buda alisimama kwa geti, akasikiza mpaka stima ikapotea.