Shughuli za ziada katika maombi ya chuo: Mwanafunzi wa Liboi ataje nini?

Shughuli za ziada ni kazi, michezo na majukumu anayoyatekeleza mwanafunzi nje ya masomo ya darasani. Miongoni mwazo ni skauti, mdahalo, drama, kandanda, kazi za kujitolea na hata malezi ya wadogo nyumbani. Vyuo vingi vya Marekani, pamoja na baadhi ya mashirika yanayotoa ufadhili wa masomo, humtaka mwombaji azieleze kwa maandishi kabla ya kumpa nafasi.

Nchini Kenya, suala hili ni geni kwa wengi. KUCCPS, asasi inayowapangia wanafunzi nafasi vyuoni kwa mujibu wa Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012, hutegemea hasa alama za KCSE na kozi alizochagua mwanafunzi. Haimwulizi kama aliwahi kuwa nahodha wa timu. Mtahiniwa anayetaka kusomea Garissa, Nairobi au Eldoret kupitia asasi hiyo hahitaji insha. Insha humkabili anapotafuta nafasi ng'ambo, na wengi hukata tamaa hapo wakiamini kwamba hawana la kuandika.

Hofu hiyo ina sababu. Liboi ni mji mdogo wa Kaunti ya Garissa ulio karibu na mpaka wa Somalia, kwenye barabara inayopitia Dadaab. Shule za kaunti hiyo zimetatizwa kwa miaka mingi na uhaba wa walimu, hasa baada ya walimu watatu kuuawa Kamuthe mnamo Januari 2020 na Tume ya Kuajiri Walimu (TSC) kuwahamisha wengi wasio wenyeji. Shule inayokosa mwalimu wa fizikia si ajabu ikakosa pia mlezi wa chama cha mdahalo.

Hata hivyo, kukosa vyama si kukosa shughuli.

Kuchagua

Fomu ya Common Application, inayotumiwa na mamia ya vyuo vya Marekani, humpa mwombaji nafasi ya kutaja shughuli zisizozidi 10. Kila moja huelezwa kwa herufi 150 tu, pamoja na idadi ya saa kwa wiki na ya wiki kwa mwaka. Miongoni mwa aina za shughuli zilizoorodheshwa humo ni majukumu ya kifamilia na kazi ya malipo.

Hapo ndipo mlango unapomfungukia mwanafunzi wa Liboi. Kijana aliyepeleka mbuzi malamboni wakati wa ukame wa 2020 hadi 2023 alikuwa na shughuli. Vivyo hivyo binti anayemtafsiria nyanyake Kisomali kwa Kiswahili zahanatini, msaidizi wa mwalimu wa duksi, anayeuza dukani kwa mjombake jioni, na aliyewafundisha wadogo zake hisabati darasa lilipokosa mwalimu.

Maswali matatu husaidia kuchuja: Shughuli hiyo ilidumu kwa muda gani? Mwanafunzi alikabidhiwa wajibu upi? Ni jambo gani lilibadilika kwa sababu yake? Shughuli tatu zenye majibu kamili zina uzito kuliko kumi za kujaza nafasi. Iliyo nzito zaidi hutangulia.

Kuwasilisha

Fomu hujazwa kwa Kiingereza, lakini kanuni ni ile ile katika lugha yoyote: kitendo na idadi hushinda sifa. Sentensi kama "Napenda sana kusaidia jamii yangu" haimwelezi msomaji chochote. Afadhali: "Niliwafundisha watoto 12 hesabu kila Jumamosi; nilitunza daftari la mahudhurio na kutunga maswali."

Insha yenyewe, isiyozidi maneno 650, haipaswi kuirudia orodha hiyo. Huteua jambo moja na kulichimba: uamuzi mgumu, kosa lililorekebishwa, swali lililozaliwa kazini. Kijana aliyechunga mbuzi anaweza kueleza alivyoamua ni mnyama yupi auzwe kwanza, na jinsi uamuzi huo ulivyomfanya atake kusomea tiba ya mifugo.

Mazoea ya insha za KCSE huwaponza baadhi ya waombaji. Mtihani huthamini methali na tamathali. Msomaji wa maombi hutafuta sauti ya mtu mmoja na ukweli wa maisha yake.

Nchini Uingereza mizani ni tofauti. Taarifa binafsi ya UCAS, isiyozidi herufi 4,000, hugawanywa katika maswali matatu tangu maombi ya wanaojiunga mwaka wa 2026, na uzito wake uko kwenye kozi inayoombwa. Shughuli isiyohusiana na kozi hiyo hutajwa kwa ufupi.

Ya kuepukwa

Kutia chumvi ni hatari. Mwalimu mkuu au mshauri huandika barua yake mwenyewe, na barua hiyo ikikinzana na fomu, mwombaji hupoteza imani ya wasomaji.

Hatari ya pili ni kuuza dhiki. Ukame, mpaka na umaskini ni mazingira, si shughuli. Yafaa yatajwe kwa sentensi mbili au tatu ili kazi ya mwombaji ieleweke, kisha nafasi iliyosalia aachiwe yeye mwenyewe na aliyoyatenda.

Maandalizi hayasubiri matokeo ya mtihani. Wanafunzi walioanza Gredi ya 10 mnamo Januari 2026 wana somo la lazima la huduma kwa jamii, ambalo laweza kuwa chanzo kizuri. Kwa wote, daftari la kawaida linatosha: tarehe, kazi, saa, matokeo, na jina la mtu mzima aliyeshuhudia. Miaka miwili baadaye, aliyeamini kwamba hana la kuandika atakuwa na kazi ya kuamua lipi aliache.