Askari wa Kipilefti

Nimetembeza wageni katikati ya Dar es Salaam miaka kumi na minane, na kipilefti cha Mtaa wa Samora ndicho kinachonichelewesha kila safari. Juu yupo askari wa Vita vya Kwanza vya Dunia, wa shaba nyeusi, kainama mbele, singe kaielekeza bandarini. Chini yake maneno ya mwandishi Rudyard Kipling, kwa Kiingereza na Kiswahili. Kiswahili chenyewe mara mbili, kwa herufi za Kirumi na za Kiarabu. Jina la mtu halimo, hata moja.

Waingereza walimsimamisha mwaka 1927. Kabla yake mji ulikuwa na sanamu ya Hermann von Wissmann, yule Mjerumani aliyeleta askari Wasudani kutoka Cairo na Washangaan kutoka Msumbiji, akawapiga watu wa pwani mpaka kiongozi wao Bushiri akanyongwa Pangani, Desemba 1889. Mwaka 1909 Wajerumani wakamzindulia sanamu: yeye juu, chini yake askari Mwafrika akimfunika bendera simba aliyekufa, macho kayainua kwa bwana. Waingereza walipoiteka Dar mwaka 1916 wakamng'oa. Msidhani ni kwa uchungu wa Bushiri. Alikuwa nyara tu. Akaishia Hamburg, mbele ya chuo kikuu, hadi wanafunzi walipomwangusha mwaka 1968.

Mwaka huo sisi tulikuwa na Azimio la Arusha bichi kabisa, na askari wetu hakuguswa. Mtaa ulibadilishwa jina baadaye, yeye akabaki pale pale. Wageni vijana huniuliza kwa nini. Huwajibu kwamba Wissmann alikuwa bwana, huyu ana sura ya babu zetu. Jibu hilo haliniridhishi hata mimi. Babu huyo alikuwa anampigania nani?

Hata hivyo, kumbomoa sitaki. Deni ninalolidai ni la wapagazi wa vita hivyo, waliobebeshwa risasi na unga wa jeshi vichwani, wakafa zaidi kwa kuhara na homa kuliko kwa risasi. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps. Ulimi wetu ukakigeuza Kariakoo, soko likarithi jina la kambi yao.

Jua likishakuwa kali huwapandisha wageni daladala. Konda anaita, "Kariakoo! Kariakoo!" Nami naanza hadithi ya wapagazi nikiwa nimesimama, mkono mmoja bombani, na mara nyingi tunafika sokoni sijaimaliza.