Rangi ya midomo iliyowatisha madaktari mwaka 1918

Mafua ni maradhi yanayodharauliwa. Mtu huugua siku chache, akanywa chai ya tangawizi, akarejea kazini. Ndivyo ilivyokuwa kwa wengi Machi 1918, pale askari wa kambi ya Funston, jimboni Kansas nchini Marekani, walipofurika hospitalini. Wengi wao walipona.

Wimbi la pili lilikuwa balaa. Septemba mwaka huo, katika kambi ya Devens karibu na Boston, vijana wenye siha njema walianza kwa homa na maumivu ya viungo, kisha nyuso zao zikageuka rangi ya samawati. Mapafu yalikuwa yamejaa majimaji, na damu imekosa oksijeni. Madaktari waliijua vyema maana ya rangi hiyo. Lakini ilipojitokeza, muda ulikuwa umekwisha, wala dawa haikuwepo: penisilini iligunduliwa mwaka 1928, na kirusi cha mafua ya binadamu kilitambuliwa mjini London mwaka 1933.

Afrika Mashariki haikusalimika. Maradhi yaliingia kupitia bandari ya Mombasa, yakafuata reli hadi bara, yakiwakuta watu waliodhoofishwa na vita vya miaka minne. Jenerali wa Kijerumani Paul von Lettow-Vorbeck alisalimu amri huko Abercorn tarehe 25 Novemba 1918. Askari na wapagazi wake, walionusurika risasi na njaa, wakavamiwa na mafua wakiwa kizuizini. Inakadiriwa kwamba watu wapatao milioni 50 walifariki duniani kote.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kuwa wengi wao waliuawa na homa ya mapafu iliyosababishwa na bakteria baada ya mafua kuwafungulia mlango. Ndiyo maana mgonjwa aliyepata nafuu, kisha homa na kikohozi vikamrudia kwa nguvu, hapaswi kusubiri. Vivyo hivyo kwa anayepumua kwa shida, mwenye maumivu ya kifua, aliyechanganyikiwa, au mtoto mchanga anayekataa kunyonya. Midomo ikibadilika rangi, ni dharura.

Kwa wajawazito, wazee na wenye pumu, ni afadhali kumwona daktari mapema zaidi, kabla ya dalili hizo. Dawa ya oseltamivir hufanya kazi vizuri zaidi inapoanzwa ndani ya saa 48 tangu kuanza kuugua.