Miaka 35 ya Street Fighter II: Kioo Kwanza, Kijiti Baadaye

Street Fighter II, gemu ya mapigano ya Capcom iliyotoka mwaka 1991, imetimiza miaka 35 mwaka huu wa 2026. Swali lililozaliwa nayo linamgusa kijana wa Rumonge, Burundi, kama linavyomgusa wa Tokyo: anayetaka kushindana aweke fedha yake wapi? Wengi hukimbilia kijiti kikubwa kile wanachokiona mapajani mwa mabingwa. Historia ya mashindano inaelekeza kwingine: kwanza kioo kisichochelewesha picha, kisha kifaa ambacho mikono imekizoea.

Mashine za ukumbini zilikuwa na kijiti, vitufe sita kwa kila mchezaji na TV ya chogo, hivyo wote walipigana kwa masharti mamoja. Mwaka 2004 Evo, mashindano makubwa ya Marekani, yaliziacha na kuhamia kwenye konsoli, na usawa huo ukavunjika. TV ya chogo huchora picha papo hapo; flati skrini huichakata kwanza. Gemu hizi huenda kwa fremu 60 kwa sekunde, kwa hiyo kioo kinachochelewa milisekunde 50 kinakula fremu 3, na katika Street Fighter IV ngumi nyepesi nyingi hufika kwa fremu 3 au 4. Ndiyo maana Evo ilikuja kutegemea aina moja ya monita, Asus VH236H ya inchi 23, lakini kifaa cha mkononi kikaachwa kwa mchezaji. Mwaka 2014 Mfaransa Luffy alitwaa taji la Ultra Street Fighter IV kwa pedi ya PlayStation ya kwanza.

Mpinzani wa hoja hii atautaja ugomvi wa 2019. Daigo Umehara wa Japani alichagua Gafrobox, sanduku ambalo hata mwelekeo huamriwa kwa vitufe. Kijiti hakiwezi kulala kushoto na kulia kwa pamoja. Vitufe vinaweza kubonyezwa vyote viwili. Kwa Guile, mpiganaji wa Street Fighter ambaye mchezaji wake lazima ashikilie mwelekeo wa nyuma kwa muda kabla ya kurusha pigo la Sonic Boom, hiyo ni faida kubwa: kidole kinabaki kwenye kinga huku kingine kikigonga mbele. Capcom ikalikataa sanduku hilo katika mashindano yake. Hoja ni nzito, ila kilichobishaniwa ni maana ya amri mbili zinazopingana, wala si bei ya kifaa. Kanuni za Capcom za 2023 zililenga hapo hapo: kushoto na kulia zikibonyezwa pamoja, zifutane. Masanduku yasiyo na kijiti yanaendelea kuruhusiwa.

Wapo watakaoona hesabu za fremu ni anasa kwa Rumonge, mji wa mawese na samaki aina ya mikeke. Mwenye fedha kidogo ndiye anayezihitaji zaidi, maana hana ya kupoteza. TV ya chogo inayotupwa bado inaifaa PlayStation 2. Kwa PlayStation 4, yenye HDMI pekee, adapta inaweza kuongeza ucheleweshaji, hivyo bora monita au TV iliyowekwa kwenye hali ya gemu, pamoja na pedi ya waya. Mkenya Sylvia Gathoni, Queen Arrow, alisajiliwa na timu ya nje mwaka 2018 kwa kipaji chake cha Tekken, gemu nyingine ya mapigano. Vipaji vya Rumonge navyo vinastahili mashindano yenye vioo vya aina moja, na waandaaji wanaweza kuanzia hapo bila kununua kijiti hata kimoja.