Mkutubi wa Shule Kabla ya Kompyuta

Vishikwambi vilivyotumika katika sensa ya mwaka 2022 vilipogawiwa walimu nchini Tanzania, wengi tulihesabu vifaa. Nani angewasaidia walimu kuviingiza katika masomo? Marekani ilikwisha kukabiliwa na swali hilo.

Mwaka 1957 Umoja wa Kisovieti uliporusha Sputnik, Wamarekani waliingiwa na hofu ya kuachwa nyuma. Mwaka uliofuata Bunge lao lilipitisha sheria iliyofungamanisha elimu na ulinzi wa taifa, na fedha za serikali zikanunua vifaa vya kufundishia sayansi, hisabati na lugha za kigeni. Lakini projekta haichagui filamu.

Sheria ya elimu ya mwaka 1965, aliyoitia saini Rais Lyndon Johnson, ilitenga fedha kwa maktaba za shule, kwa vitabu na kwa zana nyingine pia. Kisha mwaka 1969 wakutubi wa shule na wataalamu wa zana za kuona na kusikia walitoa viwango vya pamoja: kitabu, filamu na kanda vikae mahali pamoja, na mkutubi ashiriki na mwalimu kupanga somo. Cheo chake nacho kilibadilishwa jina, jambo dogo kwa maoni yangu. Mapinduzi yalikuwa huko kushiriki kupanga somo.

Kompyuta zilipoenea shuleni katika miaka ya 1980, shule zilizokuwa na mtu huyo zilikuwa na pa kuanzia.