Jiwe la figo linalomrudia mwenye kisukari

Mtu akishatolewa jiwe la figo huhesabu kuwa mambo yamekwisha. Maumivu ya kiuno yamekatika, basi anarudi kwenye mishikaki yake na soda baridi. Ukweli ni kwamba katika wanaopata jiwe mara ya kwanza na wasibadilishe kitu, takribani nusu hurudiwa ndani ya miaka 10. Mwenye kisukari hatari yake ni kubwa zaidi, na sababu si ile niisikiayo barazani kwamba sukari imeganda. Sukari haigandi figoni.

Katika kisukari cha aina ya pili mwili hauiitikii insulini vizuri. Figo nazo huitegemea insulini katika kutengeneza amonia, na amonia ndiyo ipunguzayo ukali wa mkojo. Ikiwa haba, mkojo huwa mkali, kipimo chake cha pH kikashuka chini ya 5.5. Hapo asidi ya yuriki, ambayo ingeyeyuka ikatoka, hubaki chenga chenga zikashikana zikawa jiwe. Mawe ya kalsiamu oksaleti bado ndiyo mengi kwa watu kwa jumla, na mwenye kisukari huyapata pia, lakini haya ya asidi ya yuriki yanamwandama yeye zaidi.

Kujua ni jiwe gani kuna faida kubwa. La asidi ya yuriki kwa kawaida halionekani kwenye eksirei; mgonjwa anagaagaa huku picha haionyeshi kitu, mpaka apigwe ultrasaundi au skani ya CT. Na hilo hilo mara nyingi huyeyushwa kwa dawa ya kupunguza ukali wa mkojo, kama sitrati ya potasiamu, bila kupasuliwa. Kwa hivyo jiwe usilitupe. Kojolea kwenye chujio, ulihifadhi, ulipeleke maabara likapimwe.

Sasa maji. Hapa pwani jasho linatutoka tangu asubuhi, mkojo unakuwa mchache na mzito. Lengo ni kunywa hadi upate mkojo wa kama lita 2.5 kwa siku, ila kama daktari amekupunguzia maji kwa ajili ya moyo au figo. Sukari ikiwa juu mtu hukojoa sana akadhani maji anayo tele, kumbe mwili unakaushwa. Ramadhani inataka hesabu yake: maji yagawanywe tangu futari hadi daku, si kuyabugia yote mara moja, na daktari aulizwe kabla mwezi haujaandama. Ruhusa ya mgonjwa kula ipo, na aliyeitoa ni Mwenyezi Mungu mwenyewe.

Kwenye chakula, cha kupunguza kwanza ni nyama nyingi, maini na dagaa, kwani huzidisha asidi ya yuriki. Soda na sharubati za sukari huleta madhara pande zote mbili. Papa wa chumvi, ng'onda na achari huongeza kalsiamu kwenye mkojo. Maziwa wengi huyaacha wakihofia kalsiamu, na hapo wanajidhulumu: kalsiamu ya chakula huishika oksaleti tumboni isifike figoni. Mwenye jiwe la oksaleti apunguze mchicha, korosho na chai ya rangi iliyokolea. Ndimu ikamuliwe kwenye maji bila sukari, ina sitrati.

Madafu nayasemea peke yake, maana kwetu ni dawa ya kila kitu. Yana sukari, na yana potasiamu nyingi. Ambaye figo zimeshadhoofika, au anatumia baadhi ya dawa za presha, potasiamu inaweza kumpanda mpaka moyo ukapoteza mapigo yake. Hadhari hiyo hiyo ni ya sitrati ya potasiamu. Haitumiwi bila kupimwa damu. Vidonge vya diklofenaki vya kununua dukani kila kiuno kikiuma navyo huziumiza figo ambazo kisukari kinazila tayari.

Maumivu ya ubavu yakija na homa na kutetemeka, au mkojo ukafunga, ni hospitali usiku huo huo. Kombe lifuate, lisitangulie. Jiwe lililoziba juu ya usaha huua mtu, na mwenye kisukari huzidiwa upesi. Hata asiyeumwa na chochote, kwa kuwa ana kisukari, apimwe kriatini ya damu na protini ya mkojo angalau mara moja kwa mwaka.