Ulinzi wa Viungo vya Baiskeli Mjini

Baiskeli ni mali yenye taabu ya pekee kwa mlinzi wake. Ng'ombe huibwa mzima au haibwi. Nyumba huibwa vilivyomo ikabaki yenyewe. Baiskeli yaweza kuibwa nzima, na yaweza pia kuibwa kiungo kimoja kimoja pale pale ilipofungwa, mwenyewe akarudi akakuta kufuli limekaza, fremu imesimama, na gurudumu halipo. Wizi wa namna hii ya pili hautajwi sana katika historia kwa kuwa kitu kinachopotea ni kidogo machoni. Lakini kwa mtu aendaye kazini kwa baiskeli, gurudumu moja likipotea, safari imepotea, na pengine ujira wa siku. Katika insha hii nakusudia kueleza jinsi ulinzi wa viungo hivyo ulivyobadilika, na jinsi wizi ulivyokuwa ukihama kila chuma kilipoboreshwa.

Umbo la baiskeli tunayoijua leo lilipata msingi wake mwaka wa 1885, wakati John Kemp Starley wa mji wa Coventry, Uingereza, alipotoa baiskeli ya magurudumu yanayokaribiana kwa ukubwa, inayoendeshwa kwa mnyororo. Mwaka wa 1888 John Boyd Dunlop, aliyekuwa daktari wa mifugo huko Belfast, akapata hati ya tairi la upepo. Katika baiskeli za zama zile magurudumu yalishikwa na nati. Nati haikutengenezwa kwa ajili ya wevi. Kazi yake ilikuwa kulizuia gurudumu lisichomoke njiani. Hata hivyo ilikuwa mlinzi pasipo kujijua. Aliyetaka kuiba gurudumu alihitaji spana, alihitaji kuinama, na alihitaji muda. Na muda katika barabara ya mji ni shahidi, maana wapita njia wana macho.

Ulinzi huo uliondolewa kwa nia njema. Yasimuliwa kwamba mwaka wa 1927 Tullio Campagnolo, mwendesha baiskeli wa Vicenza, Italia, alikuwa akishindana katika milima ya kaskazini siku ya baridi kali. Katika siku zile mshindani aliyetaka kubadili gia alilazimika kushuka, kulifungua gurudumu la nyuma na kuligeuza. Vidole vyake viliganda akashindwa kuzifungua nati. Ikiwa kisa hicho ni sahihi katika kila jambo au kimepambwa na wasimulizi, yaliyofuata yanajulikana: mwaka wa 1930 alibuni kipini ambacho mtu hukigeuza kwa mkono, na gurudumu likatoka bila ya spana. Kilikuwa chombo chema kwa washindani, ambao baiskeli zao hazikulala barabarani. Lakini kipini hakimtambui bwana wake. Wepesi uliokusudiwa kwa mwenye baiskeli ulikuwa tayari kumtumikia kila mwenye mkono.

Kabla kipini hicho hakijaenea mijini, Italia hiyo hiyo ilitoa picha iliyo wazi ya biashara ya wizi wa baiskeli. Filamu ya Vittorio De Sica ya mwaka wa 1948, iliyotokana na riwaya ya Luigi Bartolini ya mwaka wa 1946, yasimulia habari za mtu wa Roma ambaye kazi yake ya kubandika matangazo haiwezekani bila ya baiskeli, naye anaibiwa. Yeye, mwanawe na rafiki zake wanakwenda sokoni kuitafuta, wakagawana kazi: mmoja atazame fremu, mwingine matairi, na mtoto kengele na pampu. Ni hadithi, lakini yaonyesha ukweli mkubwa. Baiskeli iliyoibwa aghalabu haiuzwi kama ilivyo, huvunjwa. Fremu ina nambari iliyogongwa katika chuma, na katika filamu hiyo askari anaitwa kuitazama nambari ya fremu moja. Gurudumu halina nambari, wala tandiko, wala kengele. Kiungo kikishatengwa na fremu, kimepoteza jina lake.

Ulinzi wa chuma ulipata jaribio lake mashuhuri huko Marekani. Kati ya mwaka wa 1972 na 1974 ziliuzwa huko baiskeli zaidi ya milioni 10 kila mwaka, na nyingi zilifuata mfano wa zile za mashindano. Kipini cha Campagnolo na vinavyofanana nacho vikatoka viwanja vya mbio vikaja kusimama kando ya barabara. Wakati huo kampuni ya Kryptonite ya Boston ilianza kuuza kufuli la chuma kinene lililo mfano wa herufi U. Mwaka wa 1972 baiskeli ilifungwa kwa kufuli hilo katika mtaa wa Greenwich Village, New York, ikaachwa siku 30. Kufuli halikuvunjika. Lakini wevi waliondoa karibu kila kiungo ambacho kufuli halikukizunguka. Waliouza kufuli walitangaza sehemu ya kwanza ya habari hii, nayo ni kweli. Mwanahistoria hana budi kuishika na ya pili: mlango mmoja ulipozibwa, wizi ulipitia mwingine.

Tangu hapo waendeshaji wamekuwa wakiyarudisha yale yaliyoondolewa na kipini. Wako wanaorudia nati, au kutumia bolti zinazohitaji ufunguo wa pekee. Wako wanaolichomoa gurudumu la mbele na kulifunga pamoja na la nyuma na fremu. Wengine hulifunga tandiko kwa kipande cha mnyororo mkuukuu uliovikwa mpira, au huziba tundu la bolti kwa gololi ndogo na gundi. Mbinu hizi zote hununua kitu kimoja, nacho ni muda. Wala pasiwe na mtu wa kuamini chuma kupita kiasi: mwaka wa 2004 ilijulikana kwamba makufuli kadhaa yenye funguo za duara yaweza kufunguliwa kwa bomba la kalamu ya wino, na Kryptonite ililazimika kuwabadilishia wateja wake.

Njia nyingine ni daftari. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Tangu mwaka wa 1994 sheria ya Japani yamtaka mwenye baiskeli aiandikishe. Ni utaratibu mwema, ila wailinda fremu kuliko viungo, kwa sababu ile ile tuliyoiona katika soko la Roma.

Yabaki basi mlinzi wa tatu, ambaye ni mnunuzi. Katika miji yetu ya Afrika ya Mashariki fundi baiskeli hukaa chini ya mti na rundo la rimu, pedali na minyororo iliyotumika. Biashara yake ni halali na ya lazima. Bila ya vipuri hivyo mchukuzi wa mkaa au mwuza maziwa asingemudu kuitengeneza baiskeli yake. Lakini rundo hilo lililo rehema kwa maskini ndilo liwezalo kumficha mwivi, na anayeibiwa aghalabu ni maskini mwingine. Kulifunga soko ni kumwadhibu asiye na kosa. Kuuliza kiungo kimetoka wapi hakugharimu kitu, isipokuwa faida ya siku moja. Kufuli humchelewesha mwivi na daftari huitambua fremu. Gurudumu lisilo na jina halina mtetezi ila yule anayekataa kulinunua.